PICHA NI AMANA
Jinsi ya Kuchagua Picha ya Kupigwa Chapa Juu ya Zawadi

Miongoni mwa desturi zilizoingia majumbani mwetu kwa nguvu katika miaka hii ni ile ya kumpa mtu zawadi iliyopigwa chapa picha yake, au picha ya mtu ampendaye. Bwana harusi hupewa kikombe chenye picha ya siku ya nikahi. Bibi hupewa mto wenye nyuso za wajukuu. Mwalimu wa madrasa hupewa kalenda yenye picha ya wanafunzi waliohitimu. Na arejeaye kutoka Hija hupokewa kwa fremu iliyotengenezwa kwa ajili yake. Maduka ya kazi hii yapo leo katika miji yetu mingi, na vijana wetu wameipenda.

Kupeana zawadi ni jambo jema. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tupeane, kwani zawadi huzaa mapenzi baina ya watu. Lakini zawadi ya picha ina jambo moja ambalo zawadi nyingine hazina. Ukimpa mtu shuka umempa shuka. Ukimpa picha umempa uso wa mtu. Uso huo ukitoka umefifia, au umekatwa nusu, au umetolewa hadharani bila ya mwenyewe kuridhia, zawadi hugeuka fedheha, na aliyepewa hana la kufanya ila kushukuru kwa mdomo na kuificha kabatini.

Aghalabu lawama humwangukia mwenye duka: ati mashine yake mbovu, ati wino wake hafifu. Ni kweli wako mafundi wasiojali kazi. Walakini mara nyingi kosa limetangulia kabla ya kufika dukani. Lilitendeka nyumbani, pale picha ilipochaguliwa kwa haraka. Mashine haiwezi kutia juu ya kikombe kile kisichokuwamo ndani ya picha. Kwa hivyo yafaa tuzungumze, ndugu msomaji, jinsi ya kuchagua picha itakayotoka vizuri, na isiyomdhulumu yule aliye ndani yake.

NYUMBA UNAYOIPELEKEA

Kabla ya kutazama picha, itazame nyumba itakayoipokea. Suala la picha lina maneno marefu kwa wanavyuoni. Hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) na pazia lenye sura yajulikana na wengi: Mtume (S.A.W.) alichukizwa nalo lilipotundikwa, naye Bibi Aisha akalikata akalifanya mito. Kamera ilipokuja, wanavyuoni walihitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyepata kuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera. Hoja yake ni kwamba mpiga picha haumbi sura, bali huzuia tu kivuli cha kitu kilichokwisha kuumbwa. Wengine, miongoni mwao Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliyefariki mwaka 1999, walikataza picha za wenye roho ila kwa haja isiyoepukika, kama vile vitambulisho.

Hapa si mahali pa kuamua baina ya wanavyuoni. Linalotupasa sote ni adabu. Mzee asiyetundika picha ukutani kwake, ukimpelekea fremu kubwa ya uso wake mwenyewe, umemtia mashakani: akiitundika anakwenda kinyume na anavyoamini, na akiiweka kando anaogopa kukuvunja moyo. Basi muulize mwanawe au mkewe kabla hujatumia fedha.

Na ikiwa nyumba hiyo haipendi sura za watu, mlango haukufungwa. Yako mambo mengi yasiyokuwa na roho yenye kugusa moyo wa mtu. Mlango wa nyumba ya ukoo iliyokwisha kuvunjwa. Mwandiko wa babu katika daftari lake la madeni. Msikiti aliosomea mtu Kurani utotoni. Mtu wa Kizimkazi, kule kusini mwa Unguja, hatachoka kutazama picha nzuri ya mihrabu ya msikiti wao wa kale, yenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Lakini hapa pia pana tahadhari: aya za Kurani na jina la Mwenyezi Mungu zisipigwe chapa juu ya vitu vya kukaliwa, vya kukanyagwa, au vya kutupwa baada ya siku chache. Aya haina mahali juu ya mto wa kulalia wala juu ya gilasi ya karatasi.

MAFUNGU YA NUKTA

Tukija sasa kwenye picha yenyewe, jambo la kwanza la kulijua ni kwamba picha nzuri kwenye kioo cha simu si lazima iwe nzuri juu ya zawadi. Picha ya simu ni mkusanyiko wa nukta ndogo ndogo za rangi, ziitwazo pikseli. Jicho haliioni moja moja, kama lisivyoona uzi mmoja mmoja wa kanga iliyovaliwa na mtu aliye ng'ambo ya njia. Lakini ukiivuta kanga mpaka nyuzi zikaachana, nakshi hupotea. Ndivyo iwavyo picha ndogo ikivutwa kujaza kitu kikubwa: nukta huachana, na uso hugeuka ukungu.

Mafundi wana kipimo chao. Kitu kitakachotazamwa kwa karibu, kama kikombe, kadi au albamu, chataka nukta 300 katika kila inchi moja, na inchi ni sentimita 2.54. Kitu kitazamwacho kutoka mbali kidogo, kama mto wa sebuleni au picha kubwa ya ukutani, nukta 150 kwa inchi humtosha. Kwa hisabu hiyo, picha ya sentimita 10 kwa 15 yahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800. Kikombe cha kawaida, kikizungushwa picha karibu pande zote kwa sentimita 20 kwa 9, chahitaji kiasi cha pikseli 2,400 kwa 1,100. Karatasi ya A4 yataka 2,480 kwa 3,508. Mto wa sentimita 40 kila upande, kwa kipimo kile kidogo cha 150, wataka kiasi cha 2,400 kila upande.

Msomaji atauliza: je, simu yangu inazo nukta hizo? Aghalabu inazo. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya kiasi cha pikseli 4,000 kwa 3,000, nayo yatosha A4 na kubakisha. Taabu haiko kwenye kamera. Iko katika safari ya picha. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huikamua ili ipite upesi, na ubavu wake mrefu hushuka hadi pikseli 1,600 au karibu ya hapo. Kwa kutazama simuni haidhuru. Lakini ukiipiga chapa kwenye karatasi ya A3, yenye urefu wa sentimita 42, utapata nukta zisizofika 100 kwa inchi, na hapo ndipo mama huuliza kwa nini uso wa mwanawe umekuwa kama umetazamwa nyuma ya chandarua. Vivyo hivyo picha iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa mtu mtandaoni, au iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha simu nyingine. Kila safari huacha kitu njiani.

Dawa yake ni kurudi kwenye asili. Mtafute aliyepiga picha, umwombe faili la kwanza, lile lililotoka katika kamera. Akutumie kwa njia ya hati, si kwa njia ya picha. Au kwa barua pepe, au kwa waya kutoka simu hadi kompyuta. Tangu mwaka 2023 WhatsApp imeweka njia ya kutuma picha kwa ubora zaidi. Hiyo ni afadhali, walakini haifikii asili. Kisha fungua taarifa za picha simuni usome mwenyewe idadi ya pikseli. Tazama na uzito wa faili: picha ya uzito wa kilobaiti mia moja au mia mbili yapaswa kukutia shaka, ingawa uzito ni dalili tu, wala si hukumu.

Na asiyependa hisabu anacho kipimo cha jicho. Ikuze picha mpaka uso ujae kioo chote. Zitazame kope za macho, na uzi wa darizi ya kanzu shingoni, na matundu madogo ya kofia iliyoshonwa kwa mkono. Ukiyaona matundu kila moja peke yake, picha hiyo itafaa. Ukiona kofia imekuwa kama bonge la unga, tafuta nyingine.

NURU NA NYUSO ZETU

Picha yaweza kuwa na nukta nyingi na bado isifae, kwa kukosa nuru. Kioo cha simu hutoa mwanga wake chenyewe, hata picha yenye giza huonekana ina uhai. Karatasi, kitambaa na kikombe havina mwanga wao. Hutegemea mwanga unaoviangukia. Kwa sababu hii kila picha hutoka na giza kidogo kuliko ulivyoiona simuni. Pale ambapo simuni uliona paji la uso likimezwa na kivuli kidogo, juu ya kikombe utaona weusi mtupu. Punguza mwangaza wa kioo cha simu mpaka nusu, ndipo uihukumu picha.

Nguo zetu nazo zina mtihani wake. Kamera hupima mwanga wa yote yaliyo mbele yake, kisha hujaribu kuyaleta katika wastani. Ikiwa mbele yake wamesimama wanaume kumi wenye kanzu nyeupe, kamera huona weupe mwingi ikadhani mwanga umezidi, ikapunguza. Kanzu zikatoka za kijivu na nyuso zikaingia gizani. Ikiwa mbele yake ni mama aliyevaa buibui jeusi, kamera huona giza jingi, ikaongeza mwanga, na uso wa mama ukatoka umepauka kama uliopakwa unga. Dawa ni nyepesi: kabla ya kupiga, gusa kwa kidole mahali pa uso kwenye kioo cha simu, ili kamera ipime mwanga wa uso, isipime wa nguo.

Jua la adhuhuri si rafiki wa picha. Huweka kivuli cheusi chini ya nyusi na chini ya kofia, na macho hupotea. Wapigie watu picha asubuhi au baada ya Alasiri, au uwaweke barazani penye kivuli kikunjufu, nyuso zikielekea nje kwenye nuru. Usimsimamishe mtu mbele ya dirisha lenye mwanga nyuma yake. Na taa ya simu yenyewe, ile ya kumulika ghafula, hung'arisha jasho la paji na kuzima kila kitu kilicho nyuma. Iache ila pasipokuwa na budi.

Katika picha za makundi kuna hisabu nyingine isahauliwayo. Ukoo mzima wa watu 20 waliojipanga safu moja, ukiupiga chapa kwenye kikombe chenye nafasi ya sentimita 20, kila mtu amepata sentimita moja tu kwa mwili wake wote. Uso wake hautafika hata nusu ya ukucha. Picha kama hiyo yafaa kalenda kubwa au fremu. Kikombe kipe watu wawili au watatu, na mmoja ni bora.

PICHA ZA WAZEE

Zawadi yenye thamani kubwa kuliko zote, na yenye hatari kubwa kuliko zote, ni ile itokanayo na picha ya zamani. Nyumba nyingi zinayo picha moja tu ya babu au ya bibi, nayo imehifadhiwa ndani ya bahasha pamoja na hati ya nyumba. Picha hiyo isidharauliwe kwa udogo wake. Wapiga picha wetu wa zamani walikuwa mafundi wa kweli. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, N. V. Parekh aliwapiga picha watu wa Mombasa kwa vizazi. Na Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, ambaye alijulikana kwa kuzipanga sura za watu ndani ya maua na mapambo kwa ustadi wa mkono, kazi ambayo leo vijana wanaiomba kompyuta iwafanyie. Watu hawa walijua kupanga taa na kumtuliza mtu mbele ya kamera. Picha ndogo iliyotoka chumbani mwao yaweza kubeba uso ulio wazi kuliko picha mia za simu.

Lakini namna ya kuinakili ina sharti. Usiipige kwa simu juu ya meza, kivuli chako kikiwa juu yake. Ipeleke kwenye skana, na umwambie fundi kipimo unachokitaka. Picha ya pasipoti ya sentimita 3.5 kwa 4.5, ikinakiliwa kwa nukta 300 kwa inchi, hutoa pikseli 413 kwa 531 tu, na hiyo haitoshi hata kadi ya posta. Ikinakiliwa kwa 1,200 hutoa 1,654 kwa 2,126, nayo yatosha kwa fremu ya sentimita 10 kwa 15 bila wasiwasi. Picha ni ile ile, na mashine ni ile ile. Tofauti ni neno moja lililosemwa au lililosahauliwa dukani. Kama skana haipo, ipige picha hiyo mchana, kivulini, ikiwa imelazwa bapa, simu ikiielekea sawasawa kutoka juu, na taa ya kamera ikiwa imezimwa ili isimetemete juu ya karatasi.

Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi zimegeuka nyekundu nyekundu, kwa sababu rangi moja ndani yake imechakaa kabla ya nyingine. Hilo fundi aweza kulisawazisha. Na ukiona nyuso za wazee wetu katika picha za rangi za zamani zimekuwa na giza kupita kiasi, usidhani ni kosa la mpiga picha peke yake. Filamu za rangi za zama zile zilipimwa kwa sura za watu weupe; hata kadi za majaribio walizopewa wasafishaji filamu na kampuni ya Kodak zilikuwa na sura ya mwanamke wa Kizungu. Nyuso za Waafrika zilikuja kufikiriwa baadaye. Basi mwambie fundi anyanyue nuru ya uso kwa upole, na aitazame picha mtu aliyemjua mwenyewe.

Jambo la mwisho katika mlango huu: picha ya asili usiiache dukani, usiikate, wala usiibandue kwa nguvu kutoka albamu. Nenda nayo, ingoje, urudi nayo.

USO USIBUNIWE

Siku hizi zipo programu za akili mnemba ziahidizo kuifufua picha iliyochakaa. Unaipa picha yenye ukungu, na kwa nukta ya muda inakurudishia uso ulio wazi, wenye kope na meno na ngozi laini. Wengi hushangilia. Lakini fahamu, ndugu msomaji, kilichotendeka. Programu haikuona kitu kilichokuwa kimejificha. Palipokuwa hapana kitu, imekisia. Imetazama mamilioni ya nyuso za watu wengine, ikakadiria jicho la mtu wa namna hii huwaje, ikalichora. Jicho hilo si la babu yako.

Mara nyingine makisio hukaribia, na mara nyingine huondoa ndui iliyokuwa shavuni, hunyoosha pua, hubadilisha ndevu, au huipausha ngozi. Wajukuu ambao hawakumwona mzee watakua wakiamini kuwa ndiye huyo. Na mjane wake, aliyeishi naye miaka 40, ataitazama zawadi, akae kimya, na asijue aseme nini kwa watoto waliomletea kwa nia njema. Hakika uso wenye ukungu ulio wa kweli ni bora kuliko uso ulio wazi wa mtu asiyekuwapo.

Hatusemi kwamba kila usafi ni haramu. Kuondoa doa la maji, mkunjo wa karatasi, au mkwaruzo uliopita juu ya kanzu ni kama kufuta vumbi. Mpaka wake ni uso: macho, pua, kinywa na alama za mtu visiguswe kwa kubuniwa. Na ikiwa picha ya asili ni dhaifu, usiikuze. Ipige chapa ndogo, uizungushie nafasi nyeupe ya kutosha, na chini yake andika jina na miaka yake. Picha ndogo ndani ya fremu kubwa ina haiba yake.

CHOMBO NA PICHA

Kila chombo kina tabia yake, na picha huchaguliwa kwa kukijua chombo. Vikombe na mito mingi hupigwa chapa kwa wino unaogeuka mvuke kwa joto la kiasi cha nyuzi 180 hadi 200 za sentigredi, ukaingia ndani ya ngozi ya kitu chenyewe. Wino huu hushika juu ya kitambaa cha poliesta, au juu ya chombo kilichopakwa dawa maalumu. Kwenye fulana ya pamba tupu haushiki, na fundi hana budi kutumia njia nyingine. Tena wino huu hauna rangi nyeupe: weupe wa kanzu katika picha ni weupe wa kikombe chenyewe unaoonekana. Kwa hivyo kikombe kiwe cheupe na mto uwe mweupe, la sivyo kila kanzu itavaa rangi ya kitu.

Umbo nalo ni hoja. Nafasi ya kikombe ni ndefu na fupi kimo, ilhali picha nyingi za simu zimesimama wima. Ukimwachia fundi aijaze nafasi, atakata kofia za watu au vidole vya miguu. Chagua picha yenye nafasi pembeni na juu ya vichwa. Katika mto, mshono hula sentimita moja au mbili kila upande. Uso usikae ukingoni. Na kikombe kina siri moja ndogo: sisi hunywa kwa mkono wa kulia. Kishike kikombe hivyo, uangalie ni upande gani unaokuelekea wewe, na ni upande gani unaomwelekea aliye mbele yako. Picha ya watoto iwekwe upande wa mama anayekunywa, kwani zawadi ni yake.

Ikiwa vinatengenezwa vingi, mathalan vikombe 50 vya wahitimu wa madrasa, lipia kimoja kwanza. Kitazame nje, kwenye mwanga wa mchana, ndipo utoe idhini ya vilivyobaki. Soma na majina: jina la mtoto likikosewa herufi moja, kikombe hicho hakina tena mwenyewe.

STARA NA RUHUSA

Tumelibakisha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo zito. Katika sherehe za wanawake, mama zetu na dada zetu hujipamba na kukaa kwa raha kwa kuwa ni wao kwa wao. Picha nzuri kuliko zote za harusi huenda zikawa hizo. Lakini kikombe hakikai chumbani. Hutoka na chai kwa wageni. Mto hukaa sebuleni. Kalenda hutundikwa dukani. Na kabla ya hapo, picha imepita mikononi mwa fundi, ikakaa katika kompyuta yake pamoja na za watu wengine. Uzuri wa picha haumpi mtu haki ya kuitoa. Muulize kila mwanamke aliyemo, hata yule anayeonekana ubavuni tu, na akisema hapana, jibu lake litoshe bila kutaka sababu.

Muulize na kijana. Picha ya utotoni inayowachekesha wazazi, ya mtoto akiogeshwa uani, kwake yeye ni aibu. Na marehemu, ambaye hawezi kuulizwa, aulizwe kupitia kwa walio karibu naye. Asichapishwe mtu katika hali ya ugonjwa, amekonda kitandani, hata kama ndiyo picha ya mwisho na ndiyo iliyo wazi kupita zote. Tafuta ya siku zake za afya, hata ikiwa na ukungu.

Kazi ikimalizika, mwombe fundi alifute faili lako mbele yako, na asiitumie picha hiyo kutangazia duka lake. Kuomba hivyo si ukaidi. Kenya imetunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022, na picha ya mtu ni katika taarifa zake. Lakini Mwislamu hakuhitaji kuingojea sheria ili ajue kwamba siri ya nyumba ni amana.

Basi ewe kijana unayetaka kumfurahisha mama yako, usiende dukani leo. Kaa naye kwanza jioni, mzitazame picha pamoja. Atakuonyesha ile aipendayo, na huenda isiwe ile uliyodhani. Atakwambia nani alisimama pembeni na siku ile palipikwa nini. Ulizia asili ya picha hiyo, pima nukta zake, tazama nuru ya nyuso, uliza ruhusa ya waliomo. Zawadi itachelewa siku chache, lakini itakaa mbele ya macho yake kwa miaka, na kila atakapoitazama atamwona yule aliyemjua.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.